Harusi ya Nne ya Mheshimiwa Kisamvu

Nchi ninayoisimulia ipo, ina wimbo wake na inakusanya kodi, ila jina lake siliandiki. Si kwamba naogopa. Nikiliandika, nchi nyingine zitaona wivu na kudai kwamba ni zenyewe.

Katika nchi hiyo wanasiasa hawapendi pesa. Hilo naomba lieleweke mapema. Pesa ndizo zinazowapenda wao, tena kwa penzi la siri, la kuingilia mlango wa uani. Mimi nimeishi muda wa kutosha kuzikumbuka chaguzi zote kwa majina yake. Nakumbuka uchaguzi wa sukari. Nakumbuka uchaguzi wa kofia, ambapo mtaa mzima tulitembea na vichwa vya kijani mpaka mvua ikatuchujishia rangi shingoni. Nakumbuka uchaguzi wa baiskeli, ambapo wajumbe wa mitaa walipewa baiskeli zisizo na minyororo, wakaambiwa minyororo itakuja baada ya ushindi. Ushindi ulikuja. Kila mara tuliuliza vitu hivi kanunua nani, na kila mara tukajibiwa kuwa ni Msamaria mwema asiyependa kutajwa. Utotoni nilidhani Wasamaria ni kabila letu mojawapo, kabila la matajiri wenye haya.

Basi ikatokea kwamba wageni kutoka ng'ambo, wale wanaotukopesha, nao wakaanza kuuliza. Sisi tukiuliza ni uchochezi. Wao wakiuliza ni ushauri wa kitaalamu. Bunge likakaa haraka likapitisha Sheria ya Uwazi. Wabunge walishangilia hata kabla haijasomwa, na wapo wanaoishangilia mpaka leo bila kuisoma.

Kifungu cha kwanza kilisema kila mgombea ataje pesa zake zinatoka kwa nani. Wageni wakapiga makofi. Kifungu cha pili kilisema: isipokuwa michango ya harusi, kwa kuwa harusi ni jambo la ndani ya familia na serikali haiwezi kuchungulia chumbani kwa watu. Wageni wakatafsiriwa kwamba nchi hii inaheshimu sana ndoa, wakapiga makofi tena. Kifungu cha tatu waliking'ang'ania wageni wenyewe: mtu yeyote aliyempa mgombea pesa kwa siri, kisha akapewa mali ya umma, mali hiyo itarudi kwa wananchi wanaoitumia. Wabunge wakakubali, ila wakaongeza sharti dogo la kiutaratibu. Ushahidi pekee utakaopokelewa ni mchangiaji mwenyewe kukiri, kwa kinywa chake, akiwa hajalewa, mbele ya Mwenyekiti wa Tume ya Uwazi. Spika alipokuwa akilisoma sharti hilo ilibidi asimame kidogo anywe maji, kwa sababu ya kicheko.

Tume ya Uwazi ilipewa jengo jipya la ghorofa, zuri sana, lisilo na dirisha hata moja. Mwenyekiti wake, Profesa Lwitiko Mang'oma, alieleza kwenye uzinduzi kuwa madirisha yangeathiri viyoyozi.

"Uwazi ni dhana mtambuka," alisema Profesa. "Hatuwezi kuukurupukia. Lazima kwanza tujenge uelewa wa pamoja, kisha tuuwekee mkakati, kisha mkakati tuuwekee mpango kazi, na wakati wote huo tuhakikishe hautoki nje."

Tangu siku ile nchi ilishikwa na mapenzi. Ukikaribia uchaguzi, kila mgombea anaoa. Wabunge wanaoa, madiwani wanaoa, mgombea mmoja wa upinzani, mzee mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, naye akaoa kwa kanuni ya ushindani sawa. Na kwa kuwa ni watu wenye maadili, wengi walikuwa wanawaoa wake zao walewale. Waziri wa Ardhi, Mheshimiwa Ponsiano Kisamvu, alikuwa amemuoa mkewe Bi. Editruda mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kweli, kwenye banda la shule, na watu walikula wali maharage. Mbili zilizofuata zilikuwa za uchaguzi, kwenye ukumbi wenye mazulia, na wasimamizi wa bibi harusi walikuwa wajukuu wake.

Sasa nije sokoni kwetu.

Soko la Mtakuja halina uzuri wa kupigiwa picha. Lina mabati, matope, na watu wanaosomesha watoto kwa nyanya. Asubuhi moja tulikuta bango limesimikwa getini: "Eneo hili limepata Mwekezaji. Wafanyabiashara wote wahame baada ya Uchaguzi. Tunawatakia biashara njema." Limetiwa saini na Waziri wa Ardhi, Mheshimiwa Kisamvu. Mwekezaji ni nani? Halikusema. Tukaenda wizarani, tukaambiwa mwekezaji ni mtu wa haya.

Muuza dagaa mmoja, Bi. Mwanamkasi, mjane anayeishi na kula kwa meza moja tu ya mbao, alikuwa na kikundi chake kinachoitwa Nani Kalipa. Wanachama wake wengi ni akina mama wa soko, na sisi wanaume wachache wa kubeba spika. Kazi yao ni kwenda kwenye kila mkutano wa kampeni na kuuliza swali hilo moja. Kwenye harusi ya tatu ya Mheshimiwa walisimama nje ya ukumbi na simu zao, na MC alipotamka "Wasamaria wema wasimame wacheze," wakawapiga picha waliosimama, kupitia mlangoni. Picha zikazunguka. Serikali haikukasirika hata kidogo. Ilituletea gari la maji ikatuogesha wote hadharani, bure, pamoja na waliokuwa wameshaoga.

"Tumeandamana," Bi. Mwanamkasi alisema siku ile ya bango, akikung'uta ungo wake. "Tumeimba. Tumepiga picha. Tumepata nini? Mafua."

"Na meza yako je?" nikamuuliza.

"Meza yangu ndiyo hii. Wakiichukua, niambie nitaenda kuuzia dagaa kichwani kwa nani."

Wakati huohuo Bi. Editruda alikuwa anakuja. Pamoja na cheo cha mumewe, dagaa hakuwahi kununua kwingine. Walinzi wake walibaki getini kwa sababu ya viatu.

"Shoga, naolewa tena," akasema.

"Hongera. Na nani?"

"Na nani mwingine? Huyohuyo." Akachagua dagaa mmoja akamtafuna. "Shela imenibana, nimewaambia wakate mgongoni. Mtu ukizaa watoto watano halafu ukaambiwa uingie ukumbini polepole kama msichana, magoti yanauliza maswali."

"Wasamaria watacheza?"

"Ah, mara hii wamekatazwa. Kwa ajili yenu nyie na masimu yenu. Mwanasheria kasema hakuna mchangiaji kutajwa, hakuna kusimama, hakuna kucheza. Mtu atoe, akae, anyamaze. Sijui ni harusi au ni mtihani."

Bi. Mwanamkasi akaacha kukung'uta. "Hakuna kutajwa kabisa?"

"Kabisa."

"Na chakula?"

"Chakula kipo, tena ng'ombe wazima. Kwa nini?"

"Hakuna, shoga. Nakupimia nusu au kilo?"

Hapa lazima nieleze desturi, kwa ajili ya msomaji anayetoka kwenye nchi ambazo watu hula tu. Kwetu sahani inafuata jina. Kwenye harusi MC anamwita mchangiaji, mchangiaji anatoka na watu wake wakicheza mpaka mbele, MC anatangaza zawadi, vigelegele, ndipo meza yake inahudumiwa. Asiyetajwa hana sahani. Huyo tunamwita mzamiaji, mtu aliyekuja kula harusi ya watu bure, na akishajulikana atasemwa mpaka kwenye harusi ya mwanawe. Kuna watu wameiba mali ya umma kwa mikono miwili na wanasalimiwa vizuri barabarani. Mzamiaji hasalimiwi. Kwenye harusi zilizopita za Mheshimiwa, Wasamaria walikuwa wakitajwa kwa pamoja, wanacheza kwa pamoja, wanakula kwa pamoja, na jikoni hakukuwa na tatizo. Mwanasheria alikuwa amefikiria benki, magazeti na mahakama. Jikoni hakufika.

Bi. Mwanamkasi alichangisha soko zima. Kila meza ilitoa ilichokuwa nacho, pengine mchicha. Akaenda hotelini ilikokuwa inakaa kamati ya harusi, akampa mweka hazina bahasha.

"Mchango wetu, mwanangu. Akina mama wa Mtakuja."

Mweka hazina alipewa amri kali za kutopokea watu wa Nani Kalipa. Lakini alikuwa amekaa kwenye kamati za harusi tangu ujana, na mkono wa mweka hazina wa harusi, ukiona bahasha, hausubiri kichwa. Ulipokea. Ukamwandikia na kadi. Kichwa kilipofika, Bi. Mwanamkasi alikuwa ameshashuka ngazi, na kurudisha mchango wa harusi kwetu ni mkosi kwa maharusi. Wanakamati wakaamua kunyamaza. Akina mama wa soko, walisema, wana madhara gani? Watakaa nyuma.

Siku ya harusi ukumbi uling'aa mpaka tukaona aibu ya kandambili zetu. Mheshimiwa Kisamvu aliingia na suti nyeupe, akishikana mikono na mkewe, akitazama chini kwa haya kama mtu asiyemjua. Mgeni rasmi alikuwa Profesa Lwitiko wa Tume ya Uwazi, aliyekaa meza kuu. Mgeni rasmi hula kwa cheo, hatajwi, kwa hiyo yeye alikuwa ameshaanza na kuku. Meza za mbele walikaa mabwana wanene wenye suti za giza, kila mmoja na mkewe, wote wakitazama mbele kama abiria wa ndege wanaosubiri kuruka.

MC alikuwa kijana anayejiita Chereko. Wakamwambia: usimtaje mtu. Akasema sawa. Lakini Bi. Mwanamkasi akamfuata na kadi yake mkononi.

"Mwanangu, sisi tunataka kutajwa. Sheria inakataza?"

Chereko akamtazama mwanasheria. Mwanasheria akafikiri, akafungua kitabu, akafikiri tena. Sheria ilimpa mchangiaji ruhusa ya kujificha. Haikumkataza kujitaja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuota kwamba mtu atataka.

"Taja," akasema.

Muziki ukapigwa. Akina mama wa Mtakuja wakatoka nyuma ya ukumbi wakicheza, beseni la plastiki kichwani kwa mmoja, sufuria kwa mwingine, na gunia la dagaa likibebwa na mimi. Bi. Editruda akasahau shela, akasimama akapiga kigelegele kikamtoka cha kweli. Shangazi zake wakajibu. Ukumbi mzima ukapata uhai, na Chereko naye damu ya kazi ikamchemka.

"Akina mama wa soko la Mtakuja hao, wametoa beseni, wametoa sufuria, wametoa dagaa. Nani mwingine? Yupo mwingine?"

Mabwana wanatazama mbele.

"Hayupo. Basi ndugu zangu, mmeona wenyewe. Harusi hii ya waziri imechangiwa na wauza dagaa peke yao. Jikoni, wapeni chakula cha meza kuu."

Na jikoni, ambako hawajui siasa, wakatii. Pilau likapita mbele ya zile meza za suti, likifuka moshi, likaenda kwa akina mama. Soda zikapita. Nyama za mishikaki zikapita. Shangazi wa bibi harusi akaja akatushika mikono mmoja mmoja.

"Bila nyie tungeaibika," akasema. "Tazama wale, na suti zao. Wamejaa tele na hakuna aliyetoa hata kijiko."

Alisema kwa sauti ya shangazi, yaani meza zote zilisikia.

Kwenye meza ya kwanza kabisa alikaa Bwana Filimoni Batenga, mwenye majengo yale marefu ya mjini. Ukumbi ulikuwa wake. Ng'ombe walikuwa wake. Shela ya Bi. Editruda, hata mgongo uliokatwa, ilikuwa yake. Akamshika mhudumu mkono.

"Kijana, huku vipi?"

"Meza hii haijatajwa, mzee."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Hapana, mzee. Ndiyo shida yenyewe."

"Niletee hata soda."

"Soda ni za waliochangia, mzee. Maji ya bomba yapo kule nje, karibu na choo."

Mkewe, Mama Irene, alikuwa anatabasamu bila kufungua meno. "Baba Irene, watu wanatuangalia."

"Waache waangalie."

"Wanasema tumezamia. Mimi. Nimekaa saluni tangu asubuhi ili niitwe mzamiaji, na mwanamke wa beseni anakula paja mbele yangu."

"Mwanasheria kasema ninyamaze."

"Mwanasheria yule pale anakula."

Bwana Batenga akageuka. Kweli, mwanasheria alikuwa anakula, jikoni walikuwa wamemhurumia. Akawageukia mabwana wa meza za jirani, na mmoja wao, mshindani wake wa siku nyingi kwenye biashara ya saruji, alikuwa anamcheka kwa nyusi. Nimeishi siku nyingi, nimeona watu wakivunjwa na polisi, na mahakama, na njaa ya kweli. Sijaona mtu aliyevunjika haraka kama tajiri aliyeonwa hana mchango.

Akasimama. Mheshimiwa Kisamvu alimwona, akaanza kutikisa kichwa polepole, kama bwana harusi anayekataa kitu kanisani. Bwana Batenga akatwaa maikrofoni kutoka kwa Chereko.

"Mimi si mzamiaji," akasema.

Muziki ukazimwa. Nani aliuzima sijui, ila Bi. Mwanamkasi alikuwa amesimama karibu na nyaya.

"Huu ukumbi ni mimi. Ng'ombe mnaotafuna ni mimi. Magari ya msafara, mimi. Kofia za kampeni zilizo kwenye maboksi kule nyuma, mimi, na fulana, mimi, na harusi ya tatu, mimi. Huyu bwana harusi mnayemwona amesimama, hata kusimama kwake ni mimi. Na soko la Mtakuja nimepewa mimi, lile bango ni langu, kwa hiyo hawa akina mama mnaowashangilia wametoka kufanya biashara kwenye kiwanja changu. Nani mzamiaji hapa?"

Mama Irene akapiga kigelegele, peke yake, kirefu.

Bi. Mwanamkasi akasogea mpaka meza kuu. "Profesa, shikamoo."

"Marahaba," akajibu Profesa, na kuku mdomoni.

"Umemsikia?"

Profesa akaonyesha mdomo wake kwa kidole, kwamba umejaa. Tukasubiri. Akatafuna. Ukumbi mzima ukamtazama akitafuna. Mtu anaweza kutafuna kipande cha kuku kwa muda gani? Profesa aliendelea kutafuna mpaka ikawa dhahiri kwamba kuku ameshaondoka na kilichobaki ni cheo. Bi. Editruda akanyanyuka na shela yake, akammiminia maji.

"Meza, Profesa. Isije ikakukwama."

Hakuwa na jinsi. Akameza.

"Kimsingi," akasema, "kwa muktadha wa sauti za ukumbini, siwezi kuthibitisha kwamba nilisikia."

Laiti angeishia hapo, mambo yangekwisha. Lakini Bwana Batenga alikuwa bado ameshika maikrofoni, na mtu aliyekwishaaibishwa mara moja havumilii kuambiwa hakusikika.

"Hukunisikia? Basi narudia."

"Bwana Batenga, si lazima," Profesa akasema.

"Narudia. Ukumbi ni mimi. Ng'ombe ni mimi. Soko la Mtakuja, mimi. Na lile jengo la Tume yako lisilo na madirisha, unakumbuka saruji yake ilitoka kwa..."

"Nimesikia," akasema Profesa haraka. "Nimesikia vizuri sana. Tume imesikia."

"Hajalewa?" Bi. Mwanamkasi akauliza. "Sheria inataka asiwe amelewa."

Chereko akamnusa Bwana Batenga mbele ya watu. "Hana hata harufu ya soda," akatangaza.

Mwanasheria akaweka kijiko chini. Mheshimiwa Kisamvu akakaa kwenye kiti cha bibi harusi, kilichokuwa na maua. Chereko, ambaye siku hiyo hakuwa na upande wowote zaidi ya kazi yake, akatangaza kwamba meza ya Bwana Batenga sasa imetajwa, na jikoni wakaleta sinia. Lilikuwa sinia la heshima, na nundu juu. Bwana Batenga akala. Mshindani wake wa saruji aliona hivyo, naye akasimama akaomba maikrofoni, kisha mwingine, kisha mwingine, wakawa wanagombania zamu. Mmoja alitaja barabara, mmoja msitu, mmoja kisiwa kizima ambacho sisi tulikuwa hatujui kama tunacho. Profesa aliwasikia wote. Alikuwa ameacha kujitetea, anaitikia tu kwa kichwa.

Asubuhi yake Bi. Mwanamkasi alipanga dagaa kwenye meza yake kama kawaida. Askari walewale wa gari la maji walikuja kung'oa bango, wakatuomba tuwaazime koleo. Bi. Editruda alipita, akanunua kilo, akasema harusi hiyo ndiyo ya kwanza aliyofurahi tangu ile ya wali maharage.

Msije mkafikiri kwamba viongozi wetu hawajifunzi. Bunge liliitwa kwa dharura wiki ileile, na Sheria ya Uwazi ikarekebishwa kwa kauli moja. Kuanzia sasa michango yote ya harusi itatangazwa kwa majina, bila kuficha kitu. Isipokuwa rambirambi za msiba, kwa kuwa hizo ni faragha ya wafiwa.

Jioni hiyohiyo Mheshimiwa Kisamvu alionekana hadharani, akiwa mzima wa afya, ameshika leso, anakohoa.